Visima vilichimbwa 2010, sensa ni ya 2022: kijiji kilikuwa na watu wangapi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama, katibu wa kamati ya maji kwenye kijiji kimoja cha wilaya ya Uyui, Tabora. Tunaandika maombi ya kuongezewa maji, tumeambiwa tuoneshe tulikuwa watu wangapi mwaka 2010 visima vyetu viwili vya pampu ya mkono vilipochimbwa, na saivi tuko wangapi. Sensa ya 2022 ilitukuta 8,640. Mtendaji akasema mkoa wetu unaongezeka asilimia 3.9 kwa mwaka. Mi nikazidisha 3.9 mara miaka 12 nikapata 46.8, nikatoa hiyo asilimia 46.8, ikabaki 4,596. Mwanangu wa kidato cha nne akasema hapana, unapunguza asilimia 3.9 kila mwaka mara 12, akapata 5,360. Mwalimu wa shule ya msingi yeye akagawanya akapata 5,459. Sasa kamati imegawanyika, na mwenyekiti anasema tuchukue iliyo ndogo ili ongezeko lionekane kubwa tusaidiwe haraka. Ipi ni sahihi?"

Marahaba mama katibu, na mwangaluka kwa kamati nzima. Nimefurahi umeleta namba zote tatu na jinsi kila mmoja alivyozipata, maana watu wengi wananiletea jibu tu bila njia na hapo siwezi kuwasaidia, jibu peke yake haliniambii mtu kakwama wapi.

Nianze na jibu lenyewe ili kamati ipumue. Mwalimu wa msingi ndo kapita njia sahihi, mwanao kakaribia ila kageuza kitu kimoja, na njia yako wewe mama haifai kabisa kwa miaka mingi hivyo. Ila hata 5,459 ya mwalimu mi nisingeiandika kwenye maombi. Ningeandika takribani 5,500, na sababu nitaieleza taratibu kwa sababu kuna mambo mawili kwenye hiyo 3.9 ambayo mtendaji hakuwaambia, na sidhani kama kaficha, hayapo tu kwenye ile karatasi wanayopewa.

Sasa kitu cha kwanza. Ukisikia asilimia, popote pale, jiulize asilimia ya nini. Hapo ndo penye tatizo lote. Mtu akisema kijiji kinaongezeka asilimia 3.9 kwa mwaka anamaanisha asilimia 3.9 ya watu waliokuwepo mwanzo wa mwaka ule, yani wale wachache wa zamani, sio ya hawa wengi wa leo.

Chukua ng'ombe, huko Uyui tunaelewana kwa ng'ombe. Mzee ana ng'ombe 100, mwaka ukawa mzuri wakaongezeka asilimia 20, sasa anao 120. Akija mtu akaona wale 120 akaambiwa wameongezeka asilimia 20, akataka kujua mwaka jana walikuwa wangapi, akatoa asilimia 20 ya 120 ambayo ni 24, atapata 96. Lakini walikuwa 100! Wale wanne hawajaenda popote, ni kwamba ile asilimia 20 ilikuwa ya 100 na yeye kaitoa kwenye 120. Njia ya kurudi ni kugawanya, 120 gawanya kwa 1.2 unapata 100 kamili. Kupanda ulizidisha, basi kushuka unagawanya, na hii haibadiliki iwe ng'ombe, iwe riba ya VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, iwe watu.

Mwanao alifanya kosa la huyo mgeni wa ng'ombe, na asijisikie vibaya kwa sababu ndo kosa ninalokutana nalo kuliko yote, mpaka kwa watu wenye digrii. Mwambie arudi mwaka mmoja tu aone. Yeye alichukua 8,640 akazidisha kwa 0.961 akapata 8,303 kuwa ndo watu wa 2021. Haya, warudishe mbele: asilimia 3.9 ya 8,303 ni 324, jumlisha unapata 8,627. Watu 13 hawapo. Mwalimu akigawanya 8,640 kwa 1.039 anapata 8,316, asilimia 3.9 ya hao ni 324, jumla 8,640 pale pale. Watu 13 kwa mwaka mmoja unaweza kuona ni kidogo ila inajikusanya mwaka hadi mwaka, ndo maana mpaka 2010 wamepishana karibu watu 100.

Njia yako mama katibu ina shida nyingine. Ulipozidisha 3.9 mara 12 ukatoa zote kwa pamoja kwenye 8,640, umesema kila mwaka kijiji kiliongezeka watu walewale 337, mwaka 2011 watu 337, mwaka 2021 watu 337. Lakini kijiji kikiwa kidogo wanaozaliwa ni wachache, kikikua wanaozaliwa wanakuwa wengi maana wasichana wa jana ndo mama wa leo, ongezeko lenyewe linaongezeka. Ukitaka kuona hiyo njia inavyovunjika rudi nayo mbali kidogo, nenda mpaka 1996. Hiyo ni miaka 26, zidisha 3.9 mara 26 unapata asilimia 101.4, ukiitoa kwenye 8,640 unabaki na watu pungufu ya sifuri! Na wewe unawajua kwa majina watu waliokuwa wanaishi hapo 1996.

Hii njia ya kuzidisha haina madhara ukirudi mwaka mmoja au miwili, tofauti ni ndogo. Ila miaka 12 kwa kasi kubwa kama ya Tabora imekupunguzia watu zaidi ya 800.

Na kuna kipimo cha haraka cha kichwani kitakachokusaidia hata usipokuwa na kalkuleta. Gawanya 70 kwa asilimia, unapata miaka ambayo idadi inachukua kuwa mara mbili. 70 kwa 3.9 ni kama 18. Kwa hiyo kwa kasi hiyo kijiji chenu kilikuwa nusu ya leo, watu 4,320, miaka 18 kabla ya sensa, yani 2004. Sasa kama 2004 ni 4,320, inawezekanaje 2010 iwe 4,596, miaka sita mmeongezeka watu 276 tu alafu baada ya hapo mkaruka kwa maelfu? Hapo unajua tu kuna kitu hakijakaa sawa.

Kanuni yenyewe basi ni hii: idadi ya sasa, gawanya kwa (1 + kasi) iliyopandishwa kipeo cha idadi ya miaka. Kasi unaiandika kwa desimali, 3.9 inakuwa 0.039. Kwenye Excel unaandika =8640/1.039^12. Kwenye simu laza kalkuleta upande, nyingi zitakuonesha alama ya kipeo. Kama huna vyote hivyo, gawanya kwa 1.039 mara 12 mfululizo, itachosha ila jibu ni lilelile, cha muhimu usikate desimali katikati, subiri mpaka mwisho ndo ukadirie.

Hapo ndo mwalimu alipofika na angekuwa kwenye mtihani ningempa maksi zote. Ila nyie hamko kwenye mtihani, mnaandika kuhusu watu wa kweli, kwa hiyo tuijaribu hiyo 3.9 kwa namba tunazozijua. Sensa ya 2012 mkoa wa Tabora ulikuwa na watu 2,291,623, sensa ya 2022 ukawa na 3,391,679. Tujifanye ya 2012 hatuijui, turudi nayo kutoka 2022. Ukigawanya 3,391,679 kwa 1.039 kipeo cha 10 unapata kama 2,313,000. Imezidi ile ya kweli kwa watu zaidi ya 21,000. Kwa nini, na njia ni sahihi?

Ni kwa sababu ile 3.9 haikutengenezwa kwa njia ya kuruka mwaka hadi mwaka. Mtoto hangoji Desemba ndo azaliwe, watu wanazaliwa na kufa na kuhama kila siku, kwa hiyo wataalamu wa idadi ya watu wanapenda kuhesabu ongezeko kama kitu kinachotiririka bila kusimama, na hapo wanatumia logi asilia na namba inayoitwa e, ambayo ni kama 2.718. Ukigawanya 3,391,679 kwa 2,291,623, ukachukua logi asilia ya jibu (yani kipeo ambacho e inapandishwa kulipata), alafu ukaigawanya kwa 10 unapata 0.0392, ndo hiyo 3.9. Ukiihesabu kwa kuruka mwaka kwa mwaka, kasi ileile ya watu walewale inakuwa asilimia 4.0. Jaribu: 3,391,679 gawanya kwa 1.04 kipeo cha 10 unapata kama 2,291,300, umepishana na sensa kwa watu 300 na kitu tu kwenye mkoa wa mamilioni. Kwa hiyo kasi na kanuni vinakwenda pamoja, 3.9 inataka e (unagawanya kwa e kipeo cha 0.039 mara idadi ya miaka), 4.0 inataka kugawanya kwa 1.04. Ukichukua 3.9 ukaiweka kwenye kanuni ya mwaka kwa mwaka unakosea kidogo. Kwa kasi ndogo kama asilimia 1 au 2 hutaona tofauti, kwa kasi ya Tabora inaonekana.

Kwa kijiji chenu, 8,640 gawanya kwa 1.04 kipeo cha 12 inakupa kama 5,400.

Lakini bado sijafika kwenye 5,500, na hapa ndo naomba mnisome kwa utulivu. Hiyo 3.9 ni ya kati ya 2012 na 2022. Haijasema chochote kuhusu 2010. Kati ya 2002 na 2012 mkoa wa Tabora ulikua kwa asilimia 2.9 kwa mwaka, polepole zaidi. Kwa hiyo njia ya haki ni kurudi kwa hatua mbili: miaka 10 kwa kasi ya muongo wa karibuni, unapata kama 5,837 mwaka 2012, alafu miaka miwili kwa 2.9, gawanya kwa 1.029 mara mbili, unafika kama 5,510. Andikeni takribani 5,500. Msiandike 5,512 wala 5,509, namba iliyokadiriwa ikiandikwa mpaka mtu wa mwisho inamdanganya msomaji kwamba kuna mtu alipita nyumba kwa nyumba akahesabu.

Hili la kuchukua kasi ya kipindi kimoja ukaivutia kipindi kingine ndo linaloniumiza kuliko makosa yote ya kalkuleta. Angalia jirani zenu Kigoma. Kati ya 2012 na 2022 Kigoma ilikua kwa asilimia 1.5 tu kwa mwaka, kutoka 2,127,930 mpaka 2,470,967. Mtu akichukua hiyo 1.5 akarudi mpaka sensa ya 1988, miaka 34, kwa kanuni sahihi kabisa, atapata watu karibu milioni moja na laki nne na elfu themanini. Sensa ya 1988 yenyewe ilikuta kama laki nane na elfu hamsini na tano. Amekosea kwa zaidi ya laki sita na hesabu yake haina kosa hata moja! Kilichotokea ni kwamba kati ya 1988 na 2002 Kigoma ilikua kwa asilimia 4.8 kwa mwaka, na mtu yeyote aliyeishi Kasulu au Kibondo miaka ile anajua, vita ya Burundi ilianza 1993, ya Kongo ikafuata 1996, watu wakavuka ziwa na mpaka kwa maelfu kwa maelfu. Hamna kasi moja ya kudumu inayoweza kubeba historia kama ile, inabidi ugawanye kipindi kwa kipindi, sensa kwa sensa.

Na bado hiyo ni mikoa mizima. Nyie ni kijiji. Asilimia 3.9 ya mkoa ni wastani wa vijiji vilivyofurika wahamiaji na mifugo na mashamba mapya, na vingine ambavyo vijana wameondoka vikabaki na wazee. Kijiji chenu kinaweza kuwa kilikua kwa 2 au kwa 6, mi nikiwa mbali siwezi kujua. Kwa hiyo kabla hamjatumia kasi ya mkoa jaribuni kupata namba yenu wenyewe ya 2012. Ripoti ya sensa ya 2012 ilitoa idadi kwa kata, kwa hiyo ya kata haikosekani, na nyie mkijua kijiji chenu ni sehemu gani ya kata mnaweza kukadiria vizuri zaidi kuliko kutumia mkoa. Tuseme mfano, mfano tu, mmepata mwaka 2012 mlikuwa 6,200. Basi 8,640 gawanya kwa 6,200 ni 1.3935, kipeo cha moja ya kumi inakupa kama 1.034, yani mmekua kwa asilimia 3.4, sio ile 4.0 ya mkoa ya mwaka kwa mwaka, na kutoka hapo kurudi 2010 ni miaka miwili tu, hata ukikosea kasi kidogo jibu halihami sana. Ndo raha ya kuanzia karibu.

Kuna swali lingine ambalo hujaniuliza ila lazima nikuulize mimi. Je, kijiji chenu cha 2010 ndo hikihiki, mipaka ileile? Miaka ya karibuni mambo yamegawanywa sana. Mwaka 2012 Kaliua ilitoka Urambo, kule Kigoma Buhigwe ikatoka Kasulu, Kakonko ikatoka Kibondo, Uvinza ikatoka Kigoma Vijijini, na vijiji na vitongoji navyo vinagawanywa bila watu wa mbali kusikia. Niliwahi kukaa na kamati moja ya shule waliokuwa wanalia kwamba kijiji chao "kimepungua" watu zaidi ya elfu mbili, tumehangaika na hesabu mchana mzima, mwisho mzee mmoja akasema taratibu kwamba vitongoji viwili vilishakuwa kijiji kingine. Ulizeni wazee kwanza, kalkuleta baadae.

Sasa la mwenyekiti. Naelewa anatoka wapi, kina mama wanaamka saa kumi usiku kwenda kupanga ndoo na yeye anaona kila siku. Ila tafadhali msiandike 4,596 kwa sababu ni ndogo. Anayepokea hayo maombi ana takwimu za kata mezani kwake, akiona namba yenu haiendani na hizo ataanza kutilia shaka na ile 8,640 ambayo ni ya kweli, na hapo mmepoteza kilicho chenu kwa kutafuta kisicho chenu.

Alafu hamuihitaji. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kwamba kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, na kisiwe zaidi ya mita 400 kutoka kwa watu. Pigeni hesabu: mwaka 2010 kwa watu 5,500 kila pampu moja ilikuwa na watu 2,750. Leo kwa watu 8,640 kila pampu ina watu 4,320. Kwa kipimo cha sera hiyo ya 2002 mlihitaji vituo 22 wakati ule na saivi mnahitaji 35, mna viwili. Hiyo ndo hoja, ina uzito hata kama 2010 mlikuwa 5,300 au 5,700, na ndo maana nakwambia usikose usingizi kwa ajili ya tofauti ya watu 50. Kwa kweli mi ningeshauri msiombe kisima kimoja zaidi, ulizieni kama chanzo kinaweza kubeba bomba na vituo kadhaa vya kuchotea, maana pampu moja ya tatu inawashusha mpaka watu 2,880 kwa pampu tu.

Hilo la chanzo siwezi kulijibu nikiwa hapa, na hamna kanuni ya watu inayoweza kuwaambia chini kuna maji kiasi gani. Nendeni RUWASA, wakala wa maji vijijini, ofisi ya wilayani, waje wapime. Na kwa namba za watu nendeni halmashauri mkamuone afisa mipango au afisa takwimu, mkikwama ofisi ya takwimu ya mkoa iko Tabora mjini. Nendeni mwenyewe na mwenyekiti, msitume kijana na karatasi. Bebeni jina la kijiji na vitongoji vyote kama vilivyo leo na kama vilivyokuwa 2010, na mwezi ambao visima vilikamilika, maana sensa zote hizi mbili zilifanyika Agosti na kisima cha Januari 2010 na cha Desemba 2010 vinapishana karibu mwaka mzima, kwenu hiyo ni watu zaidi ya 100.

Wakati mnasubiri, kwenye maombi mnaweza kuandika hivi: "Sensa ya 2022 ilihesabu watu 8,640 kijijini. Kwa kutumia kasi ya ukuaji ya mkoa wa Tabora ya vipindi vya 2002 hadi 2012 na 2012 hadi 2022, tunakadiria kijiji kilikuwa na watu takribani 5,500 mwaka 2010 visima viwili vilipochimbwa." Mkipata namba ya kata ya 2012, futeni hiyo ya mkoa muweke yenu, na mwanao ndo aifanye hiyo hesabu, safari hii agawanye.